Risasi Kwanza, Rivolva Baadaye

Mtu aingiapo katika mashindano ya kulenga shabaha kwa rivolva, yaani bastola yenye silinda izungukayo, aghalabu macho yake huvutwa kwanza na silaha yenyewe, mng'ao wa chuma chake, urefu wa kasiba yake na majina ya mabingwa waliopata kuishika, akainunua kwa fahari kubwa. Na arudipo nyumbani ndipo atambuapo kwamba risasi alizozilimbikiza kwa miaka haziingii katika silinda yake, kwamba ala aliyokwisha kuizoea haiipokei, na kwamba akiba yote iliyobaki itateketea katika kununua mara ya pili vitu alivyokuwa navyo tangu hapo. Njia iliyonyoka ni kinyume cha hiyo: mtu na aanze kwa kuhesabu risasi na zana zilizomo kabatini mwake, azipime kwa kanuni za mchezo autakao, kisha ndipo achague rivolva, maana silaha hununuliwa mara moja, ilhali risasi hununuliwa maisha.

Tuanze na kanuni, kwa kuwa ndizo zenye hukumu. Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, IPSC, liliasisiwa mjini Columbia, katika jimbo la Missouri, Marekani, mwaka 1976, na tawi lake la Marekani, USPSA, likafuata mwaka 1984. Huko nguvu ya risasi hujulikana kwa hesabu sahali: uzito wa kichwa cha risasi kwa greni, ambazo kumi na tano na ushei hufanya gramu moja, huzidishwa kwa kasi yake kwa futi katika sekunde, kisha jibu hugawanywa kwa 1,000. Katika USPSA, risasi ifikayo 125 huhesabiwa kuwa ya nguvu ndogo, na ifikayo 165 kuwa ya nguvu kubwa. Zikipiga katikati ya shabaha, zote hupata pointi 5. Nje ya hapo nguvu kubwa hupewa 4 au 2, na nguvu ndogo 3 au 1. Tangu mwaka 2014 rivolva za risasi nane zimeruhusiwa, ila kwa hesabu ya nguvu ndogo tu, na atakaye faida ya nguvu kubwa hana budi kuridhika na risasi sita kabla ya kupakia tena.

Tumtazame kwanza aliyetoka katika bastola ya .45 ACP, mwenye ndoo za maganda na vyombo vya kuyajaza upya. Smith & Wesson modeli 625, ya risasi sita, yamfaa mno, kwani kichwa cha greni 230 kiendacho kwa futi 720 hutoa 165.6, nayo ni nguvu kubwa isiyoutesa mkono. Ganda la risasi hiyo halina ukingo uliojitokeza, basi chuma cha kutolea maganda hakina pa kulishikia; na dawa yake ilipatikana katika Vita Vikuu vya Kwanza, pale jeshi la Marekani lilipopungukiwa na bastola, na viwanda vya Colt na Smith & Wesson vikaunda rivolva za mwaka 1917 zilizotumia risasi hizo hizo kwa msaada wa vibamba vya chuma vya umbo la nusu mwezi, kila kimoja kikishika risasi tatu. Siku hizi kibamba ni mwezi mzima: mlengaji hufungua silinda, hugonga chuma cha kutolea kwa kiganja, maganda yote huanguka pamoja, na risasi mpya huingia kwa tendo moja. Kwa rivolva ya namna hiyo mlengaji Jerry Miculek, mwaka 1999, alipiga risasi sita, akapakia, akapiga sita nyingine, yote hayo kwa sekunde 2.99.

Mwenye akiba ya 9mm ataiona modeli 929 ya kiwanda hicho hicho, iliyotoka mwaka 2014 ikiwa na matundu manane na silinda ya titani. Ganda fupi la milimita 19 huingia kwa wepesi, na kichwa cha greni 147 kwa futi 900 hutoa 132, juu ya kima kinachotakiwa. Walakini risasi zilizokusudiwa bastola ya magazini aghalabu hazikubanwa sana mdomoni, na kwa mshindo wa rivolva vichwa vyake huweza kuchomoza na kuizuia silinda isizunguke. Kabla ya kuitegemea akiba hiyo, na ajaze silinda, apige zote isipokuwa moja, kisha aipime iliyosalia aone kama imerefuka.

Aliyerithi maganda ya .38 Special ana wasaa zaidi, maana tundu la .357 Magnum huipokea .38 bila ya taabu, ijapokuwa kinyume chake hakiwezekani. Modeli 627, ya risasi nane za .357, humfaa, na kichwa cha greni 158 kwa futi 800 humpatia 126, kima cha karibu mno na mpaka, ambacho mwenye hadhari hukiongeza kidogo. Taksiri yake ni urefu wa ganda la .38, milimita 29, ambalo hukwama kwa urahisi mtu apakiapo kwa haraka. Ndiyo sababu wengi wenye 627 hutumia .38 Short Colt, fupi kama 9mm, wakisafisha matundu mara kwa mara, kwani masizi ya ganda fupi huacha pete inayolizuia ganda refu.

Vitu vidogo navyo vina neno lao. Mfuo wa ganda hutofautiana kiwanda kwa kiwanda, na kibamba kinachoshika vema maganda ya kampuni moja hulegea au hukataa kwa nyingine. Kibamba kilichopinda hata kidogo huikwamisha silinda. Kamani ikilegezwa ili kifyatulio kiwe chepesi, nyundo hugonga kwa udhaifu, na fataki ngumu, yaani viwashio vya baruti vilivyo kwenye vitako vya maganda, hazilipuki. Fataki za Federal husifika kwa wepesi wa kulipuka, basi mwenye shehena ya fataki za aina nyingine asikubali kamani yake ilegezwe kupita kadiri. Kadhalika ala na vipakizi hufuata ukubwa wa fremu: Smith & Wesson wana K, L na N, kutoka ndogo hadi kubwa, na kipakizi cha K hakifai kwa N.

Kwa hiyo mnunuzi na aende dukani na orodha iliyoandikwa, yenye ganda alilo nalo kwa wingi, fataki alizoweka, ala na vipakizi vyake, na daraja atakalo kushindania, na rivolva isiyoafikiana na orodha hiyo aiache, hata ikiwa nzuri namna gani. Ustadi wa mchezo huu hauletwi na chuma kipya. Huletwa na risasi nyingi zilizopigwa kwa makini, na fedha isiyopotea katika kununua zana mara mbili ndiyo itakayozinunua risasi hizo.