Fahamu: Mchuuzi asiyeona na pensheni ya uzeeni
Mchuuzi asiyeona pale njia panda ya Tinde, Shinyanga, akiwa na kitambulisho cha mjasiriamali, kile kilichoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, ameruhusiwa kuuza tu. Hajaajiriwa, hivyo hana mwajiri wa kumchangia. Njia yake ni kujiandikisha NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, kama mtu aliyejiajiri. Pensheni ya kila mwezi hudai michango ya miezi 180, yaani miaka 15: mzigo mzito mno kwa anayekula alichouza leo. Kwingineko zipo njia nyingine. Marekani, wachuuzi wasioona wenye leseni chini ya sheria ya 1936 wanaweza kupiga kura ili mfuko wao wa pamoja ugharamie pensheni. Zanzibar, tangu Aprili 2016, mzee wa miaka 70 au zaidi hulipwa pensheni hata kama hakuchangia kamwe.