Tufe la kilo nne na safari ya miaka 52 kuingia Olimpiki

Tarehe 4 Agosti 1948, katika uwanja wa Wembley jijini London, mwanamke wa Kifaransa mwenye umri wa miaka 25 aliingia ndani ya duara, akaliweka tufe la chuma shingoni, akalisukuma hadi umbali wa mita 13.75. Siku hiyo Michezo ya Olimpiki ilimpata bingwa wake wa kwanza wa kike wa kutupa tufe. Wanaume walikuwa wakishindania taji hilo tangu Athens mwaka 1896. Wanawake walikuwa wamesubiri miaka 52.

Bingwa huyo aliitwa Micheline Ostermeyer, na michezo haikuwa kazi yake. Alikuwa mpiga piano.

Kwa msikilizaji ambaye hajawahi kuushuhudia mchezo huu, jina lake linapotosha kidogo. Tufe halitupwi kama jiwe la kufukuzia nyani shambani. Husukumwa. Mchezaji hulishikilia karibu na shingo, chini ya taya, na haruhusiwi kulipeleka nyuma ya bega. Hufanya hayo ndani ya duara lenye kipenyo cha mita 2.135, na akitoka kwa upande wa mbele jaribio lake halihesabiwi. Mkono ndio unaoonekana, lakini nguvu huanzia kwenye nyayo, ikapanda mapajani, kiunoni na mgongoni. Mkono huja mwisho kabisa. Tufe la wanaume lina uzito wa kilo 7.26, na la wanawake kilo nne.

Kilo nne ni sawa na lita nne za maji. Bidoni ya lita 20, ambayo msichana wa Gashoho huibeba kichwani akipanda mlima kutoka chemchemi, ina uzito wa matufe matano. Hakuna kamati yoyote iliyowahi kukaa kujadili kama mwili wa mwanamke unaweza kuihimili bidoni hiyo. Kuhusu tufe, kamati zilikaa kwa muda mrefu sana.

Kwa nini wanawake walisubiri

Mwanzoni, viongozi wa Olimpiki hawakutaka kabisa wanawake washiriki riadha. Pierre de Coubertin, mwasisi wa michezo ya kisasa, hakuificha rai yake kwamba kazi ya mwanamke uwanjani ni kumpigia makofi mshindi. Mfaransa mwenzake, Alice Milliat, hakuridhika na jibu hilo. Mwaka 1921 alianzisha shirikisho la kimataifa la michezo ya wanawake, na mwaka 1922 akaandaa mashindano yao wenyewe mjini Paris. Tufe lilikuwamo. Wakati huo kila mchezaji alitupa kwa mkono wa kulia na kwa wa kushoto, kisha umbali wa mikono yote miwili ukajumlishwa. Lucile Godbold wa Marekani alishinda kwa jumla ya mita 20.22.

Shinikizo la Milliat liliufungua mlango, ingawa si wote. Mjini Amsterdam mwaka 1928, wanawake waliruhusiwa kushindana katika michezo mitano ya riadha: mita 100, mita 800, mbio za kupokezana vijiti, kuruka juu na kutupa kisahani. Kisahani kilikubaliwa, tufe likakataliwa. Tofauti hiyo ni vigumu kuieleza kwa hoja ya afya, maana vyote viwili ni vyombo vya kutupwa na vyote vyahitaji misuli. Huenda kisahani kilikumbusha sanamu za Wagiriki, na tufe likakumbusha wapagazi wa bandarini.

Mita 800 zilipata pigo jingine. Lina Radke wa Ujerumani alishinda fainali, lakini magazeti yakaandika kwamba wanawake walianguka ovyo kwa uchovu, na kwamba umbali huo ungewazeesha kabla ya wakati. Waliokuja kuichunguza filamu ya mbio hizo wameonesha kuwa habari hizo zilitiwa chumvi kupita kiasi. Hata hivyo, mbio hizo ziliondolewa, na wanawake hawakuzikimbia tena kwenye Olimpiki hadi Roma mwaka 1960. Msomaji azikumbuke mita 800 hizo, kwani zitarejea katika habari hii zikiwa zimevaa rangi za Burundi.

Vidole vya piano

Michezo ya London ilikuwa ya kwanza baada ya miaka 12 iliyokatizwa na Vita Vikuu vya Pili. Mashindano matatu yaliongezwa kwa wanawake: mita 200, kuruka mbali na tufe. Ujerumani na Japani hazikualikwa, na Umoja wa Kisovieti haukushiriki. Urundi ya wakati huo, iliyokuwa ikisimamiwa na Ubelgiji chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, haikuwa na timu. Burundi huru ingefika Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 1996 tu.

Afrika, hata hivyo, haikukosekana kabisa. Ostermeyer alizaliwa kaskazini mwa Ufaransa, lakini sehemu kubwa ya utoto wake aliishi Tunisia. Alirudi Ufaransa akiwa kijana kusomea piano katika chuo maarufu cha muziki cha Paris. Vita vilipozuka alirejea Tunisia, na huko akawa na kipindi chake cha kila juma cha kupiga piano kwenye redio ya Tunis. Riadha nayo aliianza katika miaka hiyohiyo.

Huko London alipata kwanza dhahabu ya kisahani kwa mita 41.92, ingawa alikuwa ndiyo kwanza ajifunze mchezo huo. Siku chache baadaye akaja kwenye tufe. Amelia Piccinini wa Italia alikuwa wa pili kwa mita 13.09, na Ina Schäffer wa Austria wa tatu kwa mita 13.08: sentimita moja tu iliwatenganisha, ilhali bingwa alikuwa amewaacha kwa zaidi ya nusu mita. Tarehe 7 Agosti Ostermeyer aliongeza shaba ya kuruka juu, katika shindano lililomfanya Alice Coachman wa Marekani kuwa mwanamke wa kwanza mweusi kupata dhahabu ya Olimpiki. Baada ya moja ya ushindi wake Mfaransa huyo aliketi kwenye piano katika makao ya timu yake na kuwapigia wenzake tungo za Beethoven.

Haki ya kumbukumbu inadai kusema kwamba umbali wake haukuwa mkubwa kuliko wote duniani. Gisela Mauermayer wa Ujerumani alikuwa amefikisha mita 14.38 tangu mwaka 1934, na Tatyana Sevryukova wa Umoja wa Kisovieti, aliyemshinda Ostermeyer katika mashindano ya Ulaya mjini Oslo mwaka 1946, hakuwapo Wembley. Lakini medali hupewa aliyefika.

Mambo hayakumwendea laini alikotoka. Katika ulimwengu wa muziki kulikuwa na walioona kwamba mtupa tufe hawezi kuwa msanii wa kweli, na kwa miaka kadhaa aliepuka kupiga tungo za Liszt kwa kuwa aliziona za kimichezo mno. Yeye mwenyewe alieleza kwamba piano ilimpa misuli ya mikono na hisia ya mwendo, na michezo ikamfundisha kutulia. Aliacha riadha baada ya mashindano ya Ulaya ya mwaka 1950, akaendelea na muziki na ualimu, na kufariki dunia mwaka 2001.

Waliokuja baada yake

Miaka minne baadaye mjini Helsinki, Umoja wa Kisovieti uliingia na mchezo ukabadilika. Galina Zybina, aliyekuwa na umri wa miaka 21, alishinda kwa mita 15.28, rekodi mpya ya dunia. Alikuwa mtoto wakati mji wa Leningrad ulipozingirwa vitani, na njaa ya mzingiro huo ilimwondolea mama na ndugu yake. Melbourne mwaka 1956 alikaribia kushinda tena, lakini Tamara Tyshkevich alimpita katika jaribio la mwisho: 16.59 dhidi ya 16.53. Kisha akaja Tamara Press, aliyeshinda Roma na Tokyo na kufikisha mita 18.14.

Kadiri umbali ulivyoongezeka, ndivyo na minong'ono ilivyoongezeka. Mwaka 1966, katika mashindano ya Ulaya mjini Budapest, wanariadha wa kike walitakiwa kupita mbele ya madaktari ili ithibitishwe kuwa ni wanawake. Press alikuwa ameacha michezo. Uvumi ukamwandama maisha yake yote, bila kuthibitishwa. Kuanzia mwaka 1968 Olimpiki nayo ilitumia vipimo vya maabara, hadi vilipoachwa mwaka 1999 baada ya wanasayansi wengi kuvipinga.

Hapa ndipo mita 800 zinaporejea. Mjini Rio mwaka 2016, Francine Niyonsaba wa Burundi alipata medali ya fedha kwa dakika 1:56.49, nyuma ya Caster Semenya wa Afrika Kusini na mbele ya Margaret Wambui wa Kenya. Mwaka 2019 shirikisho la riadha duniani lilianza kutekeleza kanuni iliyowazuia wanawake wenye kiwango cha juu cha asili cha homoni ya testosteroni kukimbia kuanzia mita 400 hadi maili moja, isipokuwa wakubali kukishusha. Niyonsaba alisema hadharani kwamba kanuni hiyo inamhusu. Tufe halikuwamo katika kanuni hiyo: mchezo ambao hapo zamani ulihesabiwa kuwa wa nguvu kupita kiasi kwa mwanamke uliachwa wazi, na mbio za kati zikafungwa.

Niyonsaba alihamia mbio ndefu. Septemba 2021, mjini Zagreb, aliweka rekodi ya dunia ya mita 2,000 kwa dakika 5:21.56. Machi 2023 kanuni ilipanuliwa hadi michezo yote ya riadha, mbio ndefu na tufe zikiwamo. Tangu tarehe 1 Septemba 2025, kila anayetaka kushiriki mashindano ya dunia ya wanawake, awe mkimbiaji au mtupa tufe, hupimwa vinasaba mara moja, kwa sampuli ya shavuni au ya damu, kabla ya kuruhusiwa kushindana.