Joto, halijoto na kihisi: kuutaja kwa usahihi ugonjwa wa kompyuta kuukuu

Mwalimu wa sekondari mjini Tabora akimpelekea fundi kompyuta mpakato ya miaka minane na kusema, “Ina joto, halafu imekuwa nzito,” amesema kweli, lakini hajasema ugonjwa. Maneno hayo machache yanaweza kubeba hali tatu zisizofanana: mashine imepata moto kweli, mashine ni baridi ila chombo chake cha kupimia kinadanganya, au mashine haina tatizo la moto hata kidogo, bali imechoka kwa sababu nyingine. Kila hali ina tiba yake, na fundi aliyeelekezwa vibaya hubadilisha kifaa kizima na kukiacha kilichoharibika. Kwa mfasiri wa miongozo ya ufundi, tofauti hizi huanzia katika uteuzi wa maneno.

Joto na halijoto

Joto ni hali inayohisiwa: joto la jua, joto la mwili, joto la bati la chini ya kompyuta linalochoma mapaja. Halijoto ni kiwango cha hali hiyo kikipimwa, nacho hutajwa kwa nyuzi au nyuzijoto. Kwa hiyo joto huwa kali, jingi au dogo. Halijoto huwa ya juu au ya chini, hupanda na kushuka. “Halijoto kali” ni kauli ya kuepukwa, kwa kuwa kipimo hakina ukali. “Halijoto ya kichakataji imefika nyuzijoto 95” ni sentensi kamili. “Joto la kichakataji ni 95” humwacha msomaji akijiuliza ni 95 za nini.

Kuna pia fukuto, yaani joto lililokosa pa kutokea, kama lile la chumba kisicho na dirisha. Neno hili hufaa sana kwa kompyuta ambayo matundu yake ya hewa yamezibwa na vumbi.

Kitenzi nacho kichaguliwe kwa uangalifu. Madereva husema gari “linachemsha”, na mafundi wengi wameihamishia kauli hiyo kwenye kompyuta. Katika mazungumzo haina ubaya. Katika maandishi rasmi ni afadhali “inapata moto kupita kiasi”, kwa sababu ndani ya kompyuta nyingi hamna maji ya kuchemka. “Inawaka moto” isitumike ila pale penye miali, maana “kuwaka” pekee humaanisha tu kwamba mashine imewashwa.

Kihisi, kitambuzi na mitego miwili

Kifaa kidogo kinachohisi joto na kupeleka taarifa huitwa kihisi, wingi vihisi. Wapo wanaotumia kitambuzi. Yote mawili yanaeleweka, ila andiko moja lishike jina moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Mtego wa kwanza ni kulitohoa neno la Kiingereza na kupata “sensa”. Nafasi hiyo imekwisha kukaliwa: sensa ni hesabu ya watu, kama ile ya mwaka 2022 nchini Tanzania. Mtego wa pili ni “kihisishi”, ambalo katika sarufi ni aina ya neno linaloonyesha hisia, mfano “lo!” au “ala!”. Mwongozo unaoagiza “kagua kihisishi cha betri” umempeleka fundi katika darasa la lugha.

Kipimo kinapodanganya

Kwamba chombo cha kupimia chaweza kuwa ndicho kigonjwa si jambo geni katika njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Novemba 1857 Richard Burton na John Hanning Speke, waliobebewa mizigo na wapagazi, walifika Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo. Februari 1858 waliliona Ziwa Tanganyika. Enzi hizo kimo cha mahali kilikadiriwa kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto, kwa kuwa maji huchemka kwa halijoto ya chini zaidi kadiri mtu anavyopanda juu. Hesabu yao iliweka uso wa ziwa kwenye futi 1,800 na zaidi kidogo kutoka usawa wa bahari. Kimo halisi ni karibu futi 2,500, yaani mita zipatazo 770.

Kosa hilo la mita mia mbili na ushei ni kubwa, lakini kwenye kipimajoto halifiki hata nyuzi moja ya Selsiasi, kwani nyuzi moja ya mchemko ni sawa na takriban mita 300 za kimo. Baadaye wasomi walipobishana iwapo Tanganyika hulisha Mto Naili, kimo cha ziwa kikawa sehemu ya mabishano. Jibu halikutoka katika kipimajoto. Mwishoni mwa 1871 Livingstone na Stanley walisafiri kwa mtumbwi hadi kaskazini mwa ziwa, wakakuta Mto Rusizi unaingia ziwani, hautoki. Kisha wakaja pamoja hadi Kwihara, karibu na Tabora. Somo lao lamfaa fundi: namba ikitiliwa shaka, ithibitishwe kwa njia nyingine.

Kuutenga ugonjwa

Njia hiyo nyingine, kwa kompyuta, ni asubuhi. Kwanza nakala ya kazi zote ihifadhiwe pengine, hasa alama za wanafunzi na maandiko yasiyo na nakala. Kisha mashine izimwe usiku kucha, iwashwe asubuhi, na halijoto isomwe mara moja.

Mashine iliyolala baridi haiwezi kuamka na nyuzijoto 100. Ikiwa kihisi kimoja kinaonyesha namba kubwa tangu dakika ya kwanza, au kinaonyesha chini ya sifuri, au namba yake haisogei ilhali nyingine zinapanda, mgonjwa ni kihisi chenyewe au waya wake. Dalili inayoandamana ni feni kunguruma kwa nguvu huku hewa inayotoka ni baridi. Hapa sentensi sahihi ni: “Kihisi cha joto kina hitilafu.”

Ikiwa namba zinaanza chini, zikapanda haraka kazi inapoongezeka, na hewa itokayo ni ya moto lakini dhaifu, basi kihisi ni mkweli. Vumbi limeziba vibati vya kupozea, au ute unaopakwa juu ya kichakataji ili kupitisha joto umekauka. Kiangazi cha Tabora ni kirefu, na kufikia Oktoba, mwezi wa joto kali, vumbi huwa limekwisha kujipenyeza kila mahali. Mashine izimwe na kuchomolewa kabla ya kufunguliwa. Feni ishikwe isizunguke wakati wa kupuliza vumbi. Na betri iliyovimba isitumike tena. Sentensi sahihi ni: “Kompyuta inapata moto kupita kiasi.”

Ikiwa halijoto ni ya kawaida lakini kazi haziendi, sababu itafutwe kwenye diski iliyochakaa, kumbukumbu ndogo au programu nyingi zinazoendeshwa kwa pamoja. Sentensi sahihi ni: “Kompyuta ni nzito.”

Uzito, kukwama na kujipunguzia kasi

“Nzito” ni neno zuri la Kiswahili cha kila siku kwa mashine isiyo na wepesi, wala halihitaji kukwepwa. “Kukwama” ni kusimama kwa muda. “Kuganda” ni kusimama pasipo kuitika lolote, na husemwa hata juu ya mashine inayochoma vidole, kwa sababu kuganda ni kushikamana pia, si baridi tu.

Tofauti na hayo ni kujipunguzia kasi. Kichakataji kikikaribia kikomo chake, ambacho kwa kompyuta mpakato nyingi kiko karibu na nyuzijoto 100, hupunguza mwendo kwa makusudi ili kisiungue. Baadhi ya kompyuta hufanya vivyo hivyo zikikosa taarifa ya kihisi, kwa tahadhari. Kauli hii ya kujirejea isiachwe katika tafsiri: “kasi imepungua” huficha mtendaji, ilhali “imejipunguzia kasi” humwonyesha fundi kwamba mashine inajilinda, na kwamba cha kutafutwa ni kile inachojilinda nacho.

Kwa hiyo ujumbe wa Kiingereza unaotaja hitilafu ya kihisi usifasiriwe “Kompyuta imepata joto kali”. Tafsiri hiyo humtuma mtu kununua feni, na kesho yake mashine huamka na ujumbe uleule.