MUDA WA KULA NA TABIA YA KURUKA MILO

Katika vitongoji vya Dar es Salaam vilivyo mbali na katikati ya jiji, kama vile Mbagala na Chamazi katika Wilaya ya Temeke, au Tegeta na Bunju katika Wilaya ya Kinondoni, wafanyakazi wengi hutoka majumbani alfajiri ili kuwahi usafiri. Mwenye kuondoka kwa chai tupu, akapitisha mchana bila ya chakula, hukaa takriban saa 24 kati ya mlo mmoja wa usiku na mwingine. Tabia hiyo imepewa jina la "kupiga pasi ndefu", msemo uliotoka katika uwanja wa mpira.

Ieleweke kwamba hakuna idadi moja ya milo inayomlazimu kila mtu mzima. Mwenye afya huwa na akiba ya sukari katika ini, na akiba hiyo ipunguapo mwili hutumia mafuta. Ndiyo maana wafungaji wa Ramadhani humudu mchana kutwa, kwa kuwa futari na daku hupangwa zitosheleze mahitaji ya siku. Pasi ndefu haina mpango huo. Mara nyingi mlo uliorukwa haufidiwi, au hufidiwa usiku kwa ugali mwingi na mboga kidogo.

Wapo wasioweza kabisa kuruka mlo. Tumbo la mtoto ni dogo, hivyo hawezi kula kwa mara moja chakula cha siku nzima. Shirika la Afya Duniani limeelekeza kuwa mtoto anayenyonya, wa umri wa miezi 6 hadi 8, alishwe mara 2 hadi 3 kwa siku, na wa miezi 9 hadi 23 mara 3 hadi 4, pamoja na asusa kati ya milo. Mtoto anayengojea chungu cha jioni, mama arejeapo kutoka sokoni, amekwisha kupoteza milo hiyo.

Kadhalika mama mjamzito na anayenyonyesha huhitaji chakula zaidi ya kawaida. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au baadhi ya vidonge, akiruka mlo, sukari yake huweza kushuka ghafla, akatetemeka, akatokwa na jasho na hata kupoteza fahamu. Apate kwanza ushauri wa daktari.

Inafaa mfanyakazi achukue kutoka nyumbani viazi, mihogo au kande, na anayebaki na mtoto aachiwe chakula na maelekezo ya saa za kumlisha. Pale ambapo kipato hakitoshi milo mitatu kwa watu wote wa nyumba, mtoto, mjamzito na mgonjwa wapakuliwe kwanza. Pasi ndefu, ikiwa haikwepeki, isiwapitie hao.