Sekondari za Umma Dodoma: Ipi ni Kinara, na kwa Kipimo Gani?

Tangu Januari 2023, Baraza la Mitihani (NECTA) halitangazi tena shule kumi bora. Hata hivyo mzazi wa Ihumwa, jijini Dodoma, mwenye mtoto darasa la saba bado anauliza ipi ni bora. Vinara hivi vinaweza kumsaidia kulinganisha kwa haki.

Mchujo mkali kuliko wote: Msalato
Hii ni sekondari ya bweni ya wasichana wenye vipaji maalumu, kundi moja na Kilakala, Kibaha, Ilboru na Mzumbe. Wanafunzi wake huchaguliwa kwa alama za juu za darasa la saba. Sekondari ya kata hupokea waliofaulu vizuri na waliopenya kwa shida, ikawaketisha darasa moja. Ukihesabu daraja la kwanza tu, unamwonea mwalimu wa kata.

Iliyobadilika kuliko zote: Mazengo
Ilianza kama Alliance, shule ya wamisionari, kisha ikapewa jina la mtemi maarufu wa Wagogo. Tangu 2007 mahali pale ni Chuo Kikuu cha St. John's. Sifa ya zamani haimfundishi mtoto wa leo. Uliza matokeo ya miaka hii.

Wajenzi wa kipekee: Bunge, Kikombo
Kikombo, jirani na Ihumwa, ipo sekondari hii ya wasichana iliyojengwa kwa harambee ya wabunge wanawake.

Ongezeko kubwa, kisha anguko kubwa
Mwaka 2004 nchi ilikuwa na sekondari zipatazo 1,300. Kufikia 2009 zilipita 4,000, nyingi zikiwa za kata. Madarasa yalitangulia, walimu na maabara vikachelewa. Katika matokeo ya kwanza ya kidato cha nne ya 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, hata Serikali ikaagiza yapangwe upya. Lakini bila shule hizo, watoto wengi wa vijijini wasingevuka darasa la saba.

Wimbi kubwa linalokuja: 2028
Kwa mtaala mpya, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Ihumwa, inayokua kwa kasi kando ya Mji wa Serikali wa Mtumba na reli ya SGR, haiwezi kusubiri mwaka huo ndipo ianze kutafuta madawati.

Kipimo cha haki kuliko vyote: hatua
Chukua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili, kisha yaweke kando ya yale ya kidato cha nne ya watoto walewale miaka miwili baadaye. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17. Sifuri ni 34 na 35. Tazama wangapi wamepanda daraja, wangapi wameacha shule njiani, na kama mwalimu wa hisabati yupo. Shule inayopokea kila mtoto wa kata, ikawafikisha wengi mbali kuliko ilivyowapokea, ndiyo ninayoipa namba moja. Wazazi na madiwani waidai hesabu hiyo katika kila kikao cha shule.