Daftari la Rubani

Hivi karibuni tulikuwa Tukuyu, ambako mawingu huweza kuufunika Mlima Rungwe siku nzima. Kijana mmoja wa huko, rubani mgeni kazini, alitufunulia daftari lake la saa za kuruka. Safu ya rubani mkuu ilikuwa na saa chache. Wenzake, alisema, humcheka kwa kutozihamishia humo saa alizorushia ndege chini ya mkubwa wake.

Ndugu zetu wa Visiwani wataelewa upesi. Baharia akishika usukani, nahodha ameketi kando yake, dhamana ya chombo ni ya nahodha. Angani ni vivyo hivyo. Kanuni za kimataifa zinataka saa 1,500 kwa leseni ya juu kabisa, na saa za mkuu na za msaidizi huandikwa mbalimbali.

Huu si ukarani mtupu. Wingu likishuka juu ya kiwanja cha Songwe, kilichofunguliwa mwaka 2012, mmoja tu ndiye aamuaye: kutua, au kurudi Dar es Salaam. Uamuzi huo haufundishwi na saa za kubuni. Na abiria wa Pemba, apandaye ndege ndogo yenye rubani mmoja, hana njia ya kulisoma daftari lake.

Basi wakuu wanaohusika walisome kwa niaba yake, wakililinganisha na kumbukumbu za ndege yenyewe. Waajiri nao wasimdharau kijana kwa uchache wa saa zake za kweli. Yule wa Tukuyu bado anangoja kazi.