Fistula ya utumbo: kwa nini tundu linagoma kuziba

Msomaji wa Olasiti, Arusha, anauliza swali ambalo limenijia kwa sura nyingi. Ndugu yake alipasuliwa baada ya utumbo kutoboka kwa taifodi, mshono wa ndani ukaachia, na huu ni mwezi wa tatu kinyesi kinatokea kwenye kidonda cha tumbo. Je, amerogwa?

Hajarogwa. Wala hii si fistula ya uzazi tunayoisikia redioni kila Mei 23. Hii ni njia kati ya utumbo na ngozi, na nyingi huanza baada ya upasuaji. Baadhi huziba zenyewe ndani ya wiki nne hadi sita, maambukizi yakidhibitiwa na mgonjwa akipata lishe. Zinazogoma zina sababu.

Tazama masikio ya wazee wa Kimaasai. Ndewe ikitogwa na kuachwa, inaziba baada ya siku chache. Ikiwekwa kijiti, ngozi hutambaa ndani ya tundu na kulivika pande zote. Hapo hata ukitoa kijiti, halizibi. Nyama mbichi huungana na nyama mbichi, lakini ngozi haiungani na ngozi. Ndivyo inavyokuwa tumboni: utando wa utumbo hutambaa kutoka ndani, ngozi kutoka nje, vikikutana njia imekuwa ya kudumu. Njia fupi, isiyofika sentimita mbili, ndiyo huvikwa upesi.

Sababu ya pili wakulima wa mifereji ya Mlima Meru wanaijua vizuri. Mfereji ukizibwa na tope huko chini, maji yatabomoa ukingo huku juu. Ziba ukingo mara kumi, utabomoka mara kumi. Utumbo ulioziba mbele ya tundu hufanya vivyo hivyo.

Kuna pia usaha uliofichika, uzi au kitu kigeni kilichobaki ndani, saratani, na kifua kikuu cha tumbo, ambacho bila dawa zake za miezi kadhaa hakiruhusu kidonda kufunga. Mionzi ya kutibu saratani ya shingo ya kizazi huweza kuua mishipa midogo ya damu, na tundu likatokea hata miaka baadaye.

Sasa haya ya mitaani. Tundu linalotoa usaha pembeni mwa njia ya haja kubwa mara nyingi ni fistula, si bawasiri, na unga unaouzwa stendi wa "kukausha" hufunga mdomo tu huku usaha ukichimba ndani. Arusha tunakumbuka mwaka 2011, wagonjwa walivyotolewa wodini kupelekwa Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu. Inatosha! Na kumnyima mgonjwa chakula ili kinyesi kipungue, bila agizo la daktari, ni kumuua taratibu: anayevuja zaidi ya nusu lita kwa siku anapoteza maji, chumvi na protini.

Msishinikize upasuaji wa haraka; mara nyingi hungojwa miezi mitatu au zaidi, kwa kuwa utumbo umegandana. Ngozi ikingwe kwa mfuko na malhamu ya zinki.

Ndugu wa Olasiti, mrudisheni Hospitali ya Mount Meru wiki hii, na mkihitaji rufaa ombeni Hospitali ya KCMC, Moshi. Bebeni karatasi za upasuaji wa kwanza, na msiondoke kabla hamjajibiwa: ni nini kinachoizuia fistula hii kuziba?